Mdau anayepinga mradi si lazima awe amekosa elimu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie miradi inayobebwa na wabia wengi hapa Nyanda za Juu Kusini: maji ya mserereko, hifadhi ya vyanzo, misitu ya vijiji, skimu za umwagiliaji. Kila inapokwama, habari inayoandikwa ni ile ile: wananchi wamegoma, wanahitaji elimu. Semina inaitishwa, posho inalipwa, watu wanapiga makofi, na mwezi unaofuata bikoni, yaani alama za mpaka, zinang'olewa tena usiku. Sisi tunaofanya kazi ya kuandaa na kusuluhisha miradi ya aina hii tunasema semina haiwezi kutibu ugonjwa huo, kwa sababu waliogoma mara nyingi wanayajua yote aliyokuja kuwafundisha mtaalamu. Wanajua kwamba mikaratusi inavuta maji. Wanajua sheria ya mita 60 kuzunguka chanzo. Wanachokataa ni mpangilio wa nini kitangulie na nini kisubiri. Hiyo ni tofauti ya tunu, yaani ya kile ambacho kila mmoja anakithamini zaidi, na ina njia yake ya kushughulikiwa.

Chukua bonde lolote la Mufindi, Kilolo au Njombe. Juu kuna chemchemi. RUWASA, wakala wa maji vijijini, wanaitaka kwa ajili ya bomba la vijiji vitatu. Mfadhili ameahidi kwa bodi yake idadi fulani ya miche itakayopandwa na kuishi. Dayosisi inataka zahanati yake ipate maji kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyoanza kuomba fedha. Wenye mashamba ya miti wanataka nguzo na mbao. Wazee wa ukoo wana msitu mdogo wa matambiko pembeni ya jicho la maji. Na wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, wanalima humo mahindi na maharage ya kiangazi, ambayo huiva katika miezi ambayo ghala la nyumbani linapungua na mahindi ya masika bado ni machanga. Wote hawa husaini hati moja ya makubaliano yenye maneno mazuri kuhusu kutunza mazingira, kila mmoja akiwa na bonde lake kichwani. Hati ile haijasuluhisha lolote. Imeahirisha ugomvi hadi siku mtaro utakapoanza kuchimbwa, na siku hiyo tayari fedha zimetumika.

Hatua ya kwanza ni kuujua ugomvi ulio mbele yenu ni wa aina gani. Kuna ugomvi wa taarifa, ambao huisha kwa kupima. Kuna ugomvi wa mgawanyo, ambao huisha kwa kukata vipande: saa, ndoo, zamu, hisa. Na kuna ugomvi wa tunu. Huu wa mwisho una dalili ambayo haijifichi: ukiongeza dau, hasira inapanda. Mtu aliyekataa shilingi laki mbili za fidia kwa ajili ya kaburi la babu yake hangojei laki nne. Ukimtajia laki nne umemwambia kuwa kaburi lina bei na kwamba mnabishana kiasi tu. Mradi mwingi umeharibikia hapa, kwa nia njema kabisa ya afisa aliyedhani anakuwa mkarimu.

Mto Ruaha Mkuu unafundisha jinsi aina hizi zinavyochanganyika. Mwaka 1993 mto ulianza kukatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mgao wa umeme wa miaka ile uliongeza lawama, na vidole vingi vikaelekezwa kwa wakulima wa mpunga wa Usangu, wilayani Mbarali, kwamba ndio wanaolikausha bwawa la umeme la Mtera. Tafiti za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha picha nyingine: bwawa la Mtera hujazwa zaidi na maji mengi ya masika, kwa hiyo maji yanayochepushwa kiangazi kule Mbarali huumiza zaidi ardhioevu ya Ihefu na wanyama walio chini yake kuliko mitambo ya umeme. Sehemu hiyo ya ugomvi ilikuwa ya taarifa, na vipimo viliijibu. Lakini baada ya vipimo lilibaki swali ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulijibu: maji machache ya Septemba na Oktoba yawe ya nani kwanza? Kiboko, ng'ombe, kitalu cha mpunga, au mwanamke anayechota mferejini kwa kuwa kijiji chake hakina bomba? Wafugaji waliondolewa Ihefu kuanzia 2006, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi, ikafika zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Swali lenyewe halikuondoka na watu.

Lilirudi katika mradi wa REGROW, uliolenga kukuza utalii wa kusini kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa mwaka 2017. Malalamiko ya wakazi wa pembezoni mwa hifadhi yakaifikia benki mwaka 2023, Aprili 2024 utoaji wa fedha ukasimamishwa, na mwisho wa mwaka huo mradi ukafutwa. Barua hii haitafuti mkosaji. Tunataja tu gharama ya kuacha swali la tunu bila kulijibu hadi fedha zimeshaanza kutoka.

Turudi kwenye chemchemi, maana huko ndiko wengi wetu tunakofanya kazi, na tuonyeshe jinsi uamuzi wa tunu unavyojificha ndani ya hesabu ya mhandisi. Mnapima maji kwa ndoo ya lita 20 na saa. Mnaziba mianya kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yote yapite kwenye kipande kimoja cha bomba, mnajaza ndoo mara tano, mnachukua wastani. Ndoo ikijaa kwa chini ya sekunde tano, tumieni pipa la lita 200, maana kidole cha mwenye saa kinachelewa na kosa linakuwa kubwa. Pimeni mwishoni mwa Oktoba au Novemba kabla mvua hazijaanza. Vipimo vya Aprili, vinavyopendwa kwa sababu andiko la mradi linatakiwa kabla ya Juni, huahidi maji yasiyokuwepo.

Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde nane. Hizo ni lita 2.5 kwa sekunde, sawa na lita 216,000 kwa siku. Sera ya maji ya 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kituo kisiwe mbali zaidi ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Mkichukua maji yote na kukubali upotevu wa asilimia 20 njiani, mnahudumia watu 6,912. Mkiacha asilimia 30 iendelee kutiririka kijitoni, mnahudumia watu 4,838. Tofauti ni watu 2,074, yaani kijiji kizima. Uamuzi wa kuacha asilimia 30 au kutoacha kitu haukutoka kwenye ndoo wala kwenye saa. Ni jibu la swali la nani anastahili maji, limevikwa vazi la hesabu na kuwekwa ukurasa wa 14 wa ripoti. Wenye vinyungu walioko chini wakija kuhoji, wanaambiwa hawaelewi uhandisi. Wanaelewa sana: wameona kijito chao kimeandikwa sifuri.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 imeweka matumizi ya nyumbani mbele, na imetambua maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira. Hilo halipigiwi kura kijijini. Vivyo hivyo kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo. Lakini ndani ya sheria hizo kuna nafasi kubwa ya makubaliano: nani aanze kuhama na nani afuate, shamba mbadala lipatikane kabla au baada, nani apewe kipaumbele kwenye mizinga ya nyuki, miti gani ipandwe ukanda ule na nani ataivuna. Mwezeshaji anayejua kazi yake hutangaza mapema ni yapi yamefungwa na sheria na ni yapi yako wazi. Akichanganya, wananchi watatumia siku nzima kujadili kitu ambacho kimeshaamuliwa, na hawatarudi kikao cha pili.

Sasa namna ya kuzitoa tunu hadharani. Njia tuliyoiona ikifanya kazi ni ya kila kundi kuandika peke yake kabla ya kikao cha pamoja. Wenye vinyungu peke yao, wanawake peke yao, wafugaji, wazee wa ukoo, chombo cha watumia maji, RUWASA, halmashauri, na mfadhili. Saa mbili zinatosha. Wote wanajibu maswali yale yale: miaka kumi ijayo, mita 60 kuzunguka jicho la maji kuna nini? Nani anavuna, na lini? Nani anakusanya pesa ya maji na inalala wapi? Ni kitu gani hamtakikubali hata mkilipwa? Ni kitu gani kitawafanya mjitoe? Kisha kila karatasi inasomwa kikaoni na mtu wa kundi jingine, na wenye karatasi wanathibitisha kama amewaelewa au la. Usomaji huo wa kubadilishana una maana yake. Mhandisi akitamka kwa kinywa chake kwamba kinyungu ndicho kinacholipa ada ya mtoto, hawezi tena kukiita uharibifu tu, na mkulima akisoma kwa sauti kwamba zahanati huwazalisha akina mama kwa maji ya madumu, naye hubadilika.

Mfadhili hukwepa zoezi hili kuliko wote. Husema yeye hana upande, ana masharti. Masharti ni tunu zake zilizoandikwa kwa lugha ya mkataba: uwazi wa hesabu, usawa wa kijinsia, idadi ya miche, picha ya tangi lenye nembo. Aulizwe kwa heshima lakini waziwazi ni sharti lipi bodi yake haiwezi kulibadilisha na lipi ni mazoea ya ofisi. Majibu hushangaza. Mara nyingi idadi ya miche inaweza kubadilishwa kuwa hekta zilizoachwa zijiotee miti ya asili, ila hakuna aliyewahi kuuliza.

Karatasi zikishasomwa, yatengwe mafungu matatu: yanayopimika, yanayogawika, na yasiyouzwa. Fungu la tatu liwe na kikomo. Kila mbia aweke mawili, asizidi. Bila kikomo kila mtu ataleta kumi, na hapo hata rangi ya lango la tangi itakuwa mwiko.

Yasiyouzwa yana njia chache za kuishi pamoja. Ya kwanza ni kutenganisha mahali. Bomba likipita katikati ya msitu wa matambiko, mzungusho wa mita 80 ni gharama ya bomba na siku chache za kuchimba, ilhali mradi uliosimama hula mvua nzima na mafundi hulipwa wakiwa wamekaa. Waendeeni wazee kabla ya kuweka vigingi, si baada, muulize mstari upite wapi na kama kuna la kufanywa kabla jembe halijagusa ardhi. Fedha isitajwe na upande wa mradi kamwe. Wazee wakisema panahitajika mbuzi na pombe ya tambiko, hiyo ni sehemu ya kazi, iingizwe kwenye bajeti kwa jina lake. Kama kuna mbia ambaye imani yake haimruhusu kuchangia tambiko, naye aheshimiwe: mchango wake uelekezwe kwenye saruji, na kijiji kibebe sehemu ya wazee. Tunajua wapo maofisa wanaoona haya kuandika jambo hilo kwenye hesabu. Bora waone haya siku moja kuliko kuficha, kwa sababu fedha iliyofichwa ndiyo hugeuka tuhuma ya wizi.

Njia nyingine ni kutenganisha wakati, ambayo tutaieleza hapa chini, au kumwachia mbia mmoja kauli ya mwisho katika sehemu yake: chombo cha watumia maji kiwe na kauli juu ya bei, wazee juu ya msitu wao, mhandisi juu ya usalama wa tangi. Ikishindikana kote, punguzeni mradi. Vijiji viwili vyenye maji ni afadhali kuliko vitatu vyenye kesi.

Bei ya maji inahitaji neno lake, kwani hapo imani mbili njema zinagongana. Mmoja anaamini maji ni ya Mungu na mjane hawezi kuuziwa. Mwingine anaamini mradi usiokusanya pesa utakufa pampu ya kwanza ikiharibika au koki ya kwanza ikivunjika, na ushahidi wa vituo vilivyokauka uko mikoa yote. Msiwaache wabishane kwa hoja za jumla. Wekeni hesabu mezani. Tuseme kituo kinatoa ndoo 300 kwa siku na mkutano mkuu umesamehe kaya 12, kila moja ndoo nne. Ndoo 48 zinatoka bure, asilimia 16 ya maji yote. Ili mapato yabaki pale pale, bei ya ndoo 252 zilizobaki inapaswa kupanda kwa asilimia 19, au dayosisi ilipie pengo hilo, au fedha ya akiba ya matengenezo ipungue kwa kiasi kinachojulikana. Mara nyingi mkutano huchagua bila ugomvi, kwa kuwa sasa huruma ina mlipaji anayejulikana. Orodha ya kaya zilizosamehewa ipitishwe na mkutano mkuu na ipitiwe upya kila mwaka, isiachwe mikononi mwa mhudumu wa kituo. Yeye akiachiwa ndiye atakayelaumiwa kwa kila ndoo.

Kuhusu kutenganisha wakati, kanuni yetu ni kwamba makubaliano ya kiangazi yafanyike mvua ikiwa bado inanyesha. Aprili mtu anaweza kufikiri kama jirani. Oktoba anafikiri kama mwenye kiu, na hakuna atakayemlaumu. Kwa hiyo wekeni ubao wa kupimia kina cha maji kijitoni, na mwafikiane mapema kila kina kitaleta hatua gani. Kwa mfano, juu ya sentimita 40 kila mtu ana zamu yake ya kawaida. Kati ya 40 na 25, kumwagilia ni jioni na usiku tu. Kati ya 25 na 15, mabanio (vizuizi vinavyogeuzia maji mashambani) ya juu yanafungwa siku moja na kufunguliwa siku inayofuata. Chini ya 15, maji ni ya nyumbani na mifugo peke yake. Takwimu hizi msizinakili, kila kijito kina zake. Mnahitaji kumbukumbu za viangazi visivyopungua viwili, na kama hamna, anzeni na alama ambazo wazee wanazikumbuka kwenye mawe, kisha msahihishe baada ya mwaka.

Ubao uwekwe sehemu iliyonyooka yenye mwamba chini. Ukiwekwa pale mchanga unapojikusanya, mchanga utainua maji na ubao utasema kijito kimejaa wakati kimepungua. Usiwekwe mara tu chini ya banio, kwani mwenye banio ataonekana anauchezea hata kama hauchezei. Usomwe saa 1 asubuhi na watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, waandike kwenye daftari moja na kutuma namba kwa simu kwa wenyeviti wote. Hatua ichukuliwe namba ikibaki hapo siku tatu mfululizo, ili gogo moja lililoziba lisifunge mashamba ya watu. Wasomaji walipwe kitu kidogo kutoka mfuko wa chombo. Kazi ya kujitolea ya kila alfajiri hudumu wiki sita, na baada ya hapo daftari hujazwa jioni kwa kukisia.

Kama watu wa juu na wa chini hawajawahi kuona kijito chao chote, upo mchezo uliotumika Usangu miaka ya mwanzo ya 2000. Ni ubao mrefu ulioinamishwa, una mfereji katikati na mashimo pembeni yanayowakilisha mashamba. Gololi zinamwagwa juu kama maji ya mto, vijiti vinawekwa kama mabanio. Wachezaji wa juu hujaza mashimo yao kwa dakika chache na wa chini hubaki wakitazama. Kisha mnabadilishana nafasi: mkulima wa juu anasimama chini. Fundi seremala yeyote anaweza kuutengeneza. Uchezeni siku ya kwanza, na kanuni za zamu zijadiliwe siku ya pili. Msizijadili siku hiyo hiyo, watu wanahitaji usiku mmoja wa kuzungumza nyumbani.

Kuna migongano mingine tunaipitia haraka, japo huua miradi mingi. Kalenda: mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, wa wafadhili wengi huisha Desemba, na mwaka wa mkulima wetu huanza na mvua za Novemba. Mkutano wa kuamua matumizi ya ardhi usiitishwe kati ya Novemba katikati na mwisho wa Januari, watu wako shambani, watakaohudhuria ni wenye nafasi na wenye njaa ya posho. Posho nayo: mbia mmoja akilipa ya kikao na mwingine akitegemea nguvukazi ya kujitolea, mtaro hautachimbwa. Kubalianeni kiwango kimoja kwa wote, au hakuna kwa wote.

Mihtasari inahitaji matengenezo makubwa zaidi. Sentensi ya "wajumbe walikubaliana kwa kauli moja" inapaswa kutiliwa shaka kila inapoonekana. Mtu mnyonge mbele ya mkuu wa idara hapingi, hunyamaza. Ongezeni safu ya pingamizi: kundi gani, linapinga nini, kwa sababu gani, na limejibiwaje. Pingamizi lililoandikwa Machi ni onyo la bure. Lisipoandikwa litajionyesha Septemba kwa panga kwenye bomba. Na muhuri wa kijiji usidanganye mtu. Serikali ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haiipi ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hati nyingi tulizoletewa kusuluhisha zilisainiwa na mwenyekiti na mtendaji ofisini, na mkutano mkuu ulisikia habari hizo kwa dereva wa lori la kokoto.

Ugomvi ukizuka licha ya yote, ngazi zijulikane kabla: siku saba za mazungumzo ya pande mbili, kisha kamati ya watu watano wasio wa pande hizo, kisha jumuiya ya watumia maji. Ya ardhi yaende baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu ni wanawake. Ya kibali cha maji yaende bodi ya bonde, na hapa Mbeya watu hupoteza miezi kwa kugonga mlango usiohusika. Mito inayoelekea Usangu iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji yenye makao Iringa, inayoelekea Rukwa iko chini ya bodi iliyopo jijini Mbeya, na ya Rungwe na Kyela iko chini ya Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi yake iko Tukuyu. Hati ieleze pia namna ya kujitoa: notisi ya siku 60, vifaa vibaki kwa nani, bomba ni mali ya nani. Mbia anayejua mlango wa kutokea uko wapi husema ukweli mapema, kwa kuwa hahitaji kuvunja nyumba ili atoke.

Tunaziomba halmashauri za Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, kabla hazijasaini hati za mwaka ujao wa fedha, zidai kiambatisho cha ukurasa mmoja chenye mambo ambayo wabia hawakukubaliana, kilichosainiwa na wote. Hati isiyo na ukurasa huo irudishwe. Nawe Mhariri, mwandishi wako akitumwa tena kuripoti wananchi waliogomea mradi, tunaomba aulize mambo matatu kabla ya kuandika kuhusu elimu: chanzo kilipimwa mwezi gani, asilimia ngapi ya maji imeachwa kijitoni na nani aliamua, na tarehe ya mkutano mkuu uliopitisha ardhi hiyo. Majibu yanapatikana ofisi ya mtendaji wa kijiji kwa siku moja.

Wawezeshaji wa miradi ya vyanzo vya maji,
Iringa na Mbeya